Mbwa wa Jirani na Ukoka Wako: Mwongozo kwa Wakazi wa Mwanza

Kinyesi cha mbwa kwenye ukoka kinaweza kuharibu ujirani wa miaka kumi ndani ya wiki moja. Kinachouharibu zaidi ni namna jambo lenyewe linavyosemwa. Mtu anapaza sauti ukutani, wa upande wa pili anajibu kwamba mbwa wake hatoki kabisa, na tangu siku hiyo salamu zinakatika. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli kwa wanachokijua, maana mwenye mbwa yuko usingizini saa mbwa anapotoka.

Mbwa ana saa yake, ana njia yake na ana mahali pake. Ukivijua vitu hivyo vitatu, utakuwa na jambo la kumwambia jirani ambalo anaweza kulitekeleza kesho asubuhi. Ukivivuruga, mbwa ataacha kuja hata kama jirani hakusaidii sana. Hatua zifuatazo zinafaa kwa mwenye bustani kubwa Capri Point au Isamilo, kwa aliyepanda ukoka kwenye kiwanja kipya Buswelu au Kiseke, na kwa wapangaji wanaotumia uwanja mmoja Mabatini.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni mbwa, na anatoka wapi

Usimtaje mtu kabla hujaangalia vizuri. Mwanza ni mji wa mawe, na kwenye mawe wanaishi pimbi. Kinyesi cha pimbi ni vidonge vidogo vya mviringo, vingi pamoja, vinavyorundikana mahali palepale juu ya jiwe au pembeni yake, na jiwe lenyewe huwa na michirizi myeupe ya mkojo uliokauka. Kinyesi cha kenge kina kipande cheupe kama chokaa. Paka kwa kawaida hufukia. Madoa meupe mapana chini ya mti ni ya korongo na ndege wengine wakubwa.

Cha mbwa hukaa wazi juu ya majani, kwa vipande virefu. Mbwa anayekula mapanki (mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki minofu ikiondolewa) kwa wingi hutoa kinyesi kikavu chenye weupe, kinachovunjika kirahisi na chenye chembe za mifupa ya sangara. Anayekula ugali wa dona na dagaa hutoa kingi na laini, rangi ya kahawia, mara nyingi na chembe za pumba. Ukiona aina zote mbili kwenye ukoka wako, huenda unatembelewa na mbwa wawili, na kuzungumza na jirani mmoja tu hakutamaliza tatizo.

Jambo la pili ni la sisi tunaoishi kwenye miteremko. Wakati wa masika, na hata mvua za vuli, maji yanayoshuka kutoka viwanja vya juu hubeba kinyesi na kukiacha kwenye majani yako bila mbwa yeyote kukanyaga hapo. Utakitambua: kimesambaa, kimekaa kwenye mstari mmoja pamoja na mchanga mpya na takataka nyepesi. Hapo ugomvi na mwenye mbwa hausaidii. Chimba mfereji wa kukinga maji upande wa juu wa ukoka, kina cha sentimita 20 na upana wa sentimita 30, uelekee pembeni na siyo kwenye nyumba ya anayekaa chini yako.

Kama bado huna uhakika, tumia mchanga. Jioni, chekecha mchanga mkavu au majivu ya mkaa na uyatandaze kwa upana wa sentimita 30 kwenye kila mwanya: chini ya geti, kwenye tundu la ua, kati ya mawe. Asubuhi soma nyayo. Unyayo wa mbwa una vidole vinne mbele na alama za kucha. Wa paka ni mdogo, wa mviringo, na kucha hazionekani. Upimaji huu ni bora kuliko kamera, kwa sababu unakuonyesha mahali hasa anapopita.

Hatua ya pili: ondoa kinyesi siku hiyohiyo, na uondoe harufu yake

Wengi huacha kinyesi palepale kama ushahidi, au wakisubiri mwenye mbwa aje kukizoa. Hilo ni kosa kwa sababu mbili. Kwanza, harufu ndiyo inayomrudisha mbwa. Kila siku unayoiacha unamwonyesha kwamba hapa ndipo chooni. Pili ni afya ya watoto. Mayai ya minyoo ya duara ya mbwa, Toxocara, hayaambukizi siku ya kwanza. Yanahitaji takriban wiki mbili hadi nne kwenye udongo ili yaive. Yakishaiva yanaweza kukaa hai ardhini kwa miaka, na mtoto huyameza kupitia mikono yenye udongo. Minyoo ya safura ya mbwa ni ya haraka zaidi: kwenye udongo wa kichanga, wenye joto na unyevu kama wa kwetu ufukweni, viluwiluwi vyake huwa tayari ndani ya wiki moja hivi, na hupenya kwenye ngozi ya mguu ulio peku na kuacha mistari myekundu inayowasha. Kwa hiyo ukizoa ndani ya siku moja, mnyororo wote unakatika. Ukisubiri kikauke na kusagika kwenye majani, huwezi tena kukiondoa.

Unahitaji chepe au sepetu, magazeti ya zamani au kiroba cha unga kilichokwisha, ndoo ya maji, na viatu vilivyofunika vidole. Mifuko ya rambo haipo tena sokoni tangu ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, hivyo weka akiba ya magazeti mahali pamoja na chepe.

Kinyesi kigumu kiokote kwa gazeti lililokunjwa mara nne. Kikiwa laini usikikwangue, maana utakipaka kwenye mizizi. Mwagia kwanza majivu, mchanga mkavu au maranda ya mbao, subiri dakika kumi, kisha zoa vyote kwa chepe pamoja na tabaka jembamba la udongo wa chini yake. Mwaga lita tano za maji polepole mahali hapo ili yazame, yasitiririke. Baada ya hapo changanya kikombe kimoja cha siki nyeupe na vikombe vitatu vya maji, nyunyiza, acha dakika kumi, suuza tena. Siki isiyochanganywa na maji huunguza majani.

Kwenye sakafu ya saruji tumia maji ya moto na sabuni ya unga, ukisugua kwa brashi ngumu. Watu hukimbilia dawa ya klorini, lakini klorini haiui mayai ya Toxocara kwa uhakika, na ikikutana na mkojo hutoa hewa kali inayochoma macho na kifua. Joto ndilo linalofanya kazi: maji yanayochemka kwenye saruji, na jua kali kwenye uwanja mtupu. Maji yanayochemka usiyamwage kwenye ukoka, yataua kila kitu.

Kutupa nako kuna utaratibu. Choo cha shimo ndiyo njia bora: tupa kinyesi na gazeti lake, bila plastiki. Choo cha kuvuta kinachokwenda kwenye tangi la majitaka pia kinafaa, ila utie kinyesi peke yake, bila majani wala mawe. Kwenye nyumba za mlimani zilizounganishwa na mabomba membamba ya majitaka uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu kipande kimoja cha mfupa wa sangara na nyasi kidogo vinatosha kuziba njia ya nyumba kadhaa. Ukiwa na udongo wa kutosha, chimba shimo la sentimita 60 au zaidi, mbali na kisima kwa mita 30, na ufukie kila unapotupa. Shimo lisiwe upande wa juu wa kisima cha mtu.

Usitupe mtaroni. Mitaro ya katikati ya mji inaishia Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani, ambako wako watu wanaochota, wanaofua na wanaooga. Wala usichanganye na samadi ya kuweka kwenye mchicha. Rundo la mboji la nyumbani halipati joto la kutosha, tena kwa muda wa kutosha, kuua mayai ya minyoo.

Hatua ya tatu: jua saa na njia

Kwa siku 14, andika kwenye daftari vitu vinne tu: tarehe, saa ulipokiona, mahali, na kama ni kibichi au kikavu. Chora ramani ndogo ya kiwanja chako na utie alama. Piga picha moja kila mara kwa simu, ikionyesha majani yako na kitu kinachotambulisha mahali, kama kona ya nyumba. Usipige picha ndani ya uwanja wa jirani na usirushe chochote kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Aliyeaibishwa mbele ya watu hamsini atajitetea mbele ya watu hamsini, na hapo umeshapoteza.

Mara nyingi daftari litaonyesha jambo moja. Mbwa wa ulinzi wengi hapa hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku. Mbwa huepuka kujisaidia mahali anapolala, kwa hiyo hujizuia. Alfajiri, kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi, geti linafunguliwa kwa ajili ya gari, wanafunzi au dada anayekwenda kununua maziwa. Mbwa anatoka, anatafuta majani laini yaliyo karibu, anamaliza haja yake dakika tano tu na kurudi. Mwenye nyumba hajui. Wimbi la pili ni jioni, robo saa hadi nusu saa baada ya mbwa kula, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo nao huanza kusukuma.

Ukishaona kwamba vinyesi vyako ni vya saa kumi na mbili asubuhi, unachotakiwa kumwambia jirani kimekuwa kifupi: geti linapofunguliwa asubuhi.

Kama mbwa hana mwenyewe na anazurura mtaa mzima, usiende nyumba kwa nyumba. Peleka taarifa kwa afisa mifugo wa kata. Mbwa anayeyumba, anayetokwa mate mengi, anayeng'ata vitu ovyo au mpole kupita kawaida wakati hakujui, usimkaribie kabisa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo.

Hatua ya nne: nenda mwenyewe

Nenda jioni, watu wakiwa wametulia, siku usiyokuta kinyesi. Ukienda asubuhi na hasira ya kilichopo mlangoni, sauti yako itasema zaidi ya maneno yako. Usiende wakati wa futari, wala wenyeji wakiwa na wageni. Usimtume mfanyakazi wako akaongee na mfanyakazi wao. Ujumbe utafika umevimba. Na usibebe kinyesi kama mfano. Wapo wanaofanya hivyo, na hakuna aliyewahi kupata ushirikiano kwa njia hiyo.

Piga hodi, salimia kwa utulivu, kaa ukikaribishwa. Kwa mzee wa Kisukuma, salamu ya Kisukuma au shikamoo ya wakati wowote hufungua mlango kuliko hoja yoyote. Kisha sema kwa ufupi, kwa mfano:

"Mama Kulwa, nimekuja na jambo dogo la ujirani. Mbwa wenu anatoka geti likifunguliwa asubuhi, kama saa kumi na mbili, anakuja kujisaidia kwenye ukoka wangu. Nimeona mara tisa ndani ya wiki mbili. Watoto wanacheza pale peku. Naomba tusaidiane awe amefungwa mpaka geti lifungwe."

Ndani ya maneno hayo kuna saa, idadi, sababu na ombi moja. Hakuna neno juu ya malezi ya mbwa wala juu ya tabia ya mwenye nyumba. Kama mwenye mbwa ni mkubwa kwako kiumri, anza na "Shikamoo mzee, nimekuja kuomba msaada wako", na umpe nafasi ya kupendekeza yeye mwenyewe. Mara nyingi atapendekeza kikubwa kuliko ulichotaka kuomba.

Akisema "Mbwa wangu hatoki," usimwonyeshe picha papo hapo. Mwambie: "Inawezekana hamumwoni, ni alfajiri mno. Naomba kesho tuangalie wote geti likifunguliwa." Akisema "Ni majani tu, mvua itaosha," mweleze habari ya minyoo na muda wake. Akisema kila mtu ajenge ukuta wake, mkubalie kwamba utaziba upande wako, na umwombe naye afunge mbwa asubuhi.

Kuna jambo ambalo mwenye mbwa asiye Mwislamu anaweza asilijue. Kwa Waislamu wengi wa hapa, wafuasi wa madhehebu ya Shafi, mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa na majimaji yake huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa maji yenye udongo. Mtu anayetandika mkeka wake wa swala barazani haoni tatizo la usafi wa majani tu. Jirani akikueleza hivyo, mchukulie kwa uzito uleule anaouchukulia yeye.

Kama mbwa ni wako

Sehemu hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, maana mwenye mbwa anaweza kumaliza tatizo ndani ya wiki tatu kwa gharama ya kamba moja na mkokoteni wa mchanga.

Tenga kona ya uwanja wako, mita mbili kwa mbili, mbali na banda na mbali na mahali anapolia chakula. Ondoa majani, mwaga mchanga wa kina cha sentimita 10 hadi 15, na uzungushie mawe ili mvua isiubebe. Kwenye mteremko jenga ukingo upande wa chini. Chukua kinyesi chake kimoja ukiache pale siku ya kwanza. Harufu hiyo ndiyo itakayomwelekeza.

Kila asubuhi, kabla geti halijafunguliwa, mtoe bandani akiwa na kamba ya mita mbili, mpeleke moja kwa moja kwenye mchanga na usimame hapo. Usicheze naye, usizunguke naye. Sema neno moja, lilelile kila siku na kwa kila mtu wa nyumbani. Mpe dakika kumi hadi kumi na tano. Akimaliza, palepale, mpe dagaa mmoja au wawili na umsifu. Ukichelewa hata dakika moja atadhani anasifiwa kwa kitu kingine. Asipojisaidia, mrudishe bandani na umtoe tena baada ya nusu saa. Geti lifunguliwe baada ya hapo tu. Rudia jioni, dakika 15 hadi 30 baada ya kula, na chakula kiwe cha saa zilezile kila siku. Anayemwachia mbwa chakula kutwa nzima hawezi kujua saa ya haja yake.

Mbwa mzima atazoea kwa wiki mbili au tatu. Mtoto wa miezi miwili hawezi kujizuia zaidi ya saa mbili hivi mchana, hivyo mtoe mara nyingi zaidi na usitegemee makubwa mpaka afikishe miezi sita. Kinachoharibu zoezi ni watu wawili wenye taratibu mbili: baba anamtoa kwa kamba, mlinzi anafungua geti na kumwacha. Mwelekeze mlinzi kwanza. Kinachoharibu pia ni kipigo. Mbwa aliyechapwa kwa kujisaidia mahali fulani hajifunzi mahali. Anajifunza kujisaidia mbali na macho yako, yaani kwa jirani.

Zoa mchanga kila siku na ubadilishe wa juu kila mwezi. Mpe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, kwa kipimo cha uzito wake kutoka kwa daktari wa mifugo. Watoto wa mbwa huanza wakiwa na wiki mbili, kwa sababu huzaliwa wakiwa tayari wameambukizwa na mama yao. Punguza mapanki yenye mifupa mingi, maana humletea mbwa haja ngumu na kumfanya ahangaike huku na huko akitafuta mahali. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya kila mwaka, na kadi yake iwe nyumbani.

Ukimtembeza nje, beba gazeti na kiroba. Wanaotembeza mbwa kando ya ziwa wapite mbali na mahali dagaa wanapoanikwa. Dagaa wa mchangani wanaokotwa pamoja na chochote kilichokuwa kwenye mchanga huo, na kinyesi kimoja kinaweza kumharibia mama wa watu kazi ya siku nzima.

Na jirani akija kulalamika, jambo la kwanza ni kuchukua chepe ukazoe mwenyewe. Maelezo yatafuata.

Hatua ya tano: ziba njia

Mchanga wako wa hatua ya kwanza umeshakuonyesha mwanya. Kwenye viwanja vya mteremko mwanya mkubwa kawaida uko chini ya geti, upande ulioshuka. Mbwa wa wastani hupenya nafasi ya sentimita 15. Acha isiyozidi sentimita 8. Fundi geti anaweza kuchomelea bati zito au nondo mbili chini ya fremu, lakini kizingiti cha zege kinadumu zaidi na hakining'inii. Kumbuka kuacha tundu la maji lenye nondo, la sivyo masika ya kwanza itakufanyia bwawa.

Ua wa waya uwe na urefu wa mita 1.2 kwa mbwa wa kawaida wa mtaani, na mita 1.8 kwa mbwa wakubwa wanaoruka. Tatizo ni chini. Mbwa huchimba. Kwenye udongo, zika waya sentimita 30. Kwenye miamba haiwezekani, kwa hiyo ukunje waya uelekee nje kwa sentimita 40, uulaze chini na kuupangia mawe mazito juu yake. Mbwa huchimba pale ua unapogusa ardhi, na hapo atakutana na waya. Mawe kwetu si ya kununua mbali.

Michongoma ni ua mzuri ikipandwa mistari miwili, mche na mche sentimita 30, na kukatwa mara kwa mara ili ijae chini. Mwaka wa kwanza haizuii kitu. Weka waya mwepesi ndani yake. Manyara ni ya asili na hukua haraka, ila utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho. Pasipo na watoto, sawa. Penye watoto, tafuta mmea mwingine.

Vitu visivyosaidia

Chupa za maji zilizopangwa kwenye majani hazimtishi mbwa. Maganda ya limao na pilipili ya unga hufanya kazi kidogo mpaka umande wa kwanza, na pilipili huumiza pua na miguu ya mnyama asiye na kosa. Oili chafu ya gari huua ukoka na mvua huipeleka ziwani. Vidonge vyeupe vya kabati ni sumu kwa mbwa na kwa mtoto anayedhani ni peremende.

Sumu kwenye nyama ni jambo la kukataliwa kabisa. Ni kosa la jinai kuua mnyama wa mtu kwa makusudi, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama. Tena nyama hiyo haichagui: anaweza kuiokota mtoto, paka, kuku au mbwa wa mtu mwingine.

Hatua ya sita: uongozi wa mtaa

Mpe jirani wiki mbili baada ya mazungumzo, kisha mkumbushe mara moja. Isipobadilika, pitia ngazi kwa utaratibu: balozi wa nyumba kumi kwanza, halafu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, halafu ofisi ya kata ambako utampata mtendaji, afisa afya na afisa mifugo. Usiruke ngazi, ofisi ya kata itakuuliza kama mwenyekiti analijua jambo hili. Msingi wa kisheria upo: Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inashughulikia kero zinazohatarisha afya, na kila halmashauri, iwe Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela, ina sheria ndogo zake. Mwombe afisa afya akuonyeshe kifungu kinachohusu usafi na wanyama wanaozurura, ili uzungumze kwa maandishi yaliyopo.

Barua iwe ya ukurasa mmoja:

*Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa wa …*
*YAH: KERO YA MBWA KUJISAIDIA KWENYE UWANJA WANGU*
*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa mtaa huu, nyumba namba … Kuanzia tarehe … hadi tarehe … mbwa kutoka nyumba namba … ameingia kwenye uwanja wangu na kujisaidia mara …, kati ya saa … na saa … asubuhi. Nilizungumza na mwenye nyumba tarehe … na kumkumbusha tarehe … Nimeambatanisha nakala ya kumbukumbu na picha. Naomba ofisi yako itukutanishe ili tukubaliane namna ya kumdhibiti mbwa huyo.*

Omba kukutanishwa, usiombe mtu aadhibiwe. Kikao cha usuluhishi kikifanyika, hakikisha makubaliano yanaandikwa kwa mambo yanayopimika: mbwa atafungwa saa ngapi mpaka saa ngapi, nani atazoa akitoroka na ndani ya muda gani, nani atalipia kizingiti, na lini mtakutana tena kuangalia. Weka saini zote mbili na muhuri wa mtaa, kila mmoja abaki na nakala.

Kurudisha ukoka ulioungua

Doa la njano lililozungukwa na duara la kijani kibichi sana limetokana na mkojo. Mkojo una naitrojeni nyingi: katikati inaunguza kama mbolea ya urea iliyomwagwa rundo, pembeni inarutubisha. Mbwa jike huunguza zaidi kwa sababu huchuchumaa na kumwaga wote mahali pamoja, wakati dume hugawa kidogo kidogo kwenye mti na ukuta. Ukimwona akikojoa, mwaga ndoo ya lita 10 hapohapo na doa halitatokea. Ukichelewa mpaka kesho yake, maji hayarudishi majani yaliyokwisha kufa.

Majani yaliyokauka yakwangue kwa reki, mwagilia lita 10 kila siku kwa siku tatu ili chumvi zishuke chini, kisha toa udongo wa sentimita tano na ujaze mpya. Pandikiza vipande vya ukoka vyenye vifundo viwili au vitatu, nafasi ya sentimita 10, na uvikanyage vishike. Ukipanda vuli inapoanza, Oktoba au Novemba, doa la ukubwa wa sinia huziba kwa wiki nne hivi. Kiangazi cha Juni hadi Agosti itakubidi umwagilie kila jioni, na usiweke mbolea yoyote mpaka majani mapya yatambae nje ya doa.